Sukari Ufipani na Mwili Usioipokea

Katika vyakula vilivyoingia bara kutoka pwani, ni vichache vilivyopata heshima upesi kama sukari. Chumvi ilikuwako kabla yake, na watu waliisafiria masafa marefu. Lakini chumvi ni haja ya mwili, nayo haikuhitaji kusifiwa. Sukari haikuwa haja ya mtu yeyote. Ilikuja kama anasa, ikawa desturi, na desturi ikageuka sharti la adabu. Leo mgeni aliyepewa chai kavu hujiona amepunguziwa hadhi, na mwenyeji aliyeishiwa sukari huomba radhi kama aliyetenda kosa.

Insha hii yaeleza namna sukari ilivyopanda hata uwanda wa Ufipa, na namna kupanda kwake kulivyofichua maradhi ambayo hapo zamani yaliweza kukaa ndani ya mwili wa mtu maisha yake yote bila kujulikana. Maradhi hayo ni ya kurithi: mwili hauwezi kuitumia sukari ya matunda, ambayo wataalamu huiita fruktosi. Hoja yetu ni kwamba mwili wa mgonjwa haukubadilika tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni chakula kinachowekwa mbele yake. Kwa hiyo habari za maradhi haya hazitimii kwa kusoma vitabu vya tabibu peke yake, bali yafaa zisomwe pamoja na historia ya biashara, ya mashamba na ya barabara.

Ufipa ni nchi ya juu iliyo baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga, mji wake mkubwa, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mollo ni kata mojawapo ya manispaa ya mji huo. Ni nchi ya baridi, yenye nyasi nyingi na miti michache. Kwa uhaba huo wa miti, Wafipa hawakutegemea ukulima wa kukata matawi na kuyachoma ili kupata majivu, kama walivyofanya baadhi ya jirani zao wa kusini. Walifukia nyasi ndani ya vilima vidogo vya udongo viitwavyo ntumba, wakapanda maharage na mimea mingine ya jamii yake juu yake; nyasi zilipooza na udongo kupata nguvu, vilima vilitawanywa na ulezi ukapandwa. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa wakulima hasa, kuliko watu wengi aliowakuta safarini mwake.

Basi chakula cha nchi hiyo kilikuwa ugali wa ulezi, maharage, mboga za majani na samaki kutoka maziwa mawili yaliyoipakana. Utamu haukukosekana kabisa. Palikuwa na asali, matunda ya porini na viazi vitamu. Lakini asali ilikuwa na msimu wake na ilitafutwa kwa taabu ya moshi na nyuki. Matunda yalikuja na kwisha. Hapana aliyeweza kula utamu asubuhi, mchana na jioni, siku zote za mwaka. Mtu ambaye matunda au asali vilimdhuru aliweza kuviacha bila mtu kumuuliza sababu, na bila yeye mwenyewe kujua kwamba ameacha kitu kikubwa.

Hapa hatuna budi kutazama kidogo asili ya vitu hivi vitamu, kwa maana neno moja la sukari limefunika mambo mengi. Wanga wa ulezi, wa mahindi na wa mchele ni mnyororo mrefu wa sukari moja ndogo iitwayo glukosi, nayo ndiyo sukari inayozunguka katika damu ya kila mtu. Fruktosi ni sukari nyingine, iliyotambuliwa na Mfaransa Augustin-Pierre Dubrunfaut mwaka 1847. Hiyo imo kwa wingi katika matunda na asali. Sukari ya dukani, iwe ya miwa au ya kiazisukari, ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana. Zikifika tumboni hutengana, kila moja ikashika njia yake. Kwa hiyo mtu atiaye vijiko viwili vya sukari katika chai ametia kijiko kizima cha fruktosi pasipo kuona tunda lolote.

Utamu wa kimea una asili tofauti. Ulezi ukilowekwa, ukamea, ukakaushwa na kusagwa, huwa na nguvu ya kuukata wanga. Na sukari inayotoka kwa wingi katika kazi hiyo ni maltosi, yaani glukosi mbili zilizoshikana. Togwa inayonywewa katika nyanda za juu za kusini hupata sehemu kubwa ya utamu wake kwa njia hii, ijapokuwa nafaka iliyomea huwa na kiasi fulani cha sukari nyingine pia. Jambo hili lastahili kukumbukwa na mwanafunzi wa historia: wazee walijua kutengeneza utamu katika nafaka yao wenyewe muda mrefu kabla ya kiwanda, na utamu ule, kwa sehemu yake kubwa, haukuwa wa fruktosi.

Sukari ya miwa ilifika bara kwa njia ndefu. Jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu, nacho kililipata kwa njia ya Kiajemi kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa waliotoka bara. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Alinyongwa huko tarehe 15 Desemba 1889. Kwa hiyo sukari ya kwanza kuzalishwa kwa wingi katika nchi yetu ilikuwa na jasho la watu wa bara ndani yake hata kabla watu wa bara hawajaionja.

Utawala wa kigeni ulipokwisha kusimama, watu wa nyanda za magharibi walianza kwenda mbali kutafuta ujira: kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu miaka ya 1920 kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Huko walizoea posho, na pamoja na posho walizoea chai. Aliyerejea nyumbani alirejea na nguo, na fedha, na mazoea mapya ya kinywa. Uzalishaji nao uliongezeka: mashamba ya Arusha Chini yalianza katika miaka ya 1930, na Kilombero ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sukari ikashuka kutoka meza ya bwana shauri hata kikombe cha mkulima.

Kipimo cha heshima ya kitu huonekana kinapoadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilipopungua nchini, sukari ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopangiwa foleni na vilivyofichwa ghalani. Na mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, gunia la sukari lililofichwa liliweza kumfikisha mtu mahabusu. Mwaka 2016 uagizaji wa sukari kutoka nje ulipozuiliwa, bei ilipanda na taifa zima likazungumza habari moja. Kitu ambacho babu alikiishi bila kukijua kilikuwa kimekuwa jambo la serikali.

Katika muda huohuo chakula chenyewe cha Ufipa kiligeuka. Katika miaka ya 1970 na 1980 mbegu bora na mbolea ya ruzuku viliyapa mahindi nguvu kuliko ulezi, hata Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyokamilika katika miaka ya 2010, ilisafirisha mahindi kwenda na kuleta maboksi kurudi: biskuti, soda, juisi za chupa, mkate, maziwa ya kopo na sosi ya nyanya. Duka dogo la kijijini leo lauza utamu wa namna nyingi kuliko ambao babu angeuona katika umri wake wote.

Sasa tumgeukie mgonjwa. Mwaka 1956 matabibu wawili wa Uingereza, Chambers na Pratt, waliandika habari za mwanamke wa miaka 24 ambaye fruktosi ilimdhuru. Mwaka uliofuata Froesch na wenzake wa Uswisi walieleza kwamba hali hiyo ni maradhi ya kurithi na wakayapa jina. Mwaka 1961 Hers na Joassin wa Ubelgiji walionyesha kasoro yenyewe: katika ini la mgonjwa kimeng'enya kiitwacho aldolasi B hakifanyi kazi yake.

Kazi hiyo si vigumu kuifahamu. Fruktosi ifikapo katika ini hupigwa muhuri wa fosfati, kama mzigo unavyopigwa muhuri bandarini, kisha aldolasi huikata vipande viwili ili itumike. Kwa mgonjwa, muhuri hupigwa lakini mkataji hayupo. Mizigo hurundikana, fosfati hunaswa humo, na ini hukosa nguvu ya kufanya kazi zake nyingine, pamoja na ile ya kutoa glukosi kwa damu. Ndiyo sababu mgonjwa aliyetoka kula kitu kitamu huweza kupungukiwa na sukari katika damu: hutapika, hutoka jasho, hutetemeka, na akiwa mtoto mchanga huweza kupatwa na degedege. Akiendelea kulishwa, ini huvimba, macho huwa ya manjano, figo hudhurika, mtoto hakui, na mwisho waweza kuwa mauti. Lakini akiondolewa fruktosi mapema aghalabu hupona, akakua na kuishi kama watu wengine. Ni machache maradhi ya kurithi yenye dawa nyepesi kama hii, nayo haiuzwi popote: ni kuacha.

Mtoto huupata ugonjwa huu endapo amerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia; wazazi wenyewe huwa wazima. Katika Ulaya hukadiriwa kwamba hupatikana mgonjwa mmoja katika kila watoto 20,000 hadi 30,000. Yafaa pia kuyatenga maradhi haya na hali nyingine inayofanana nayo kwa jina, ambayo huonekana kwa watu wengi zaidi: utumbo kushindwa kufyonza fruktosi yote. Huyo wa pili huvimbiwa na kuharisha, lakini ini lake halina hatari, na aghalabu huvumilia kiasi kidogo.

Tutazame basi mtoto mwenye kasoro hii kama angezaliwa Ufipa kabla ya duka. Maziwa ya mama yasingemdhuru, kwa kuwa sukari ya maziwa haina fruktosi. Angeachishwa kwa uji wa ulezi usiotiwa sukari, na uji huo ungemfaa. Baadaye angeonjeshwa asali au tunda, angetapika, na tangu hapo angevikataa. Watoto wa namna hii hujifunza wenyewe kuchukia vitu vitamu, hata matabibu wameona kwamba wengi wao wana meno yasiyo na tundu hata moja. Mtoto huyo angeweza kukua, kulima, kuoa na kuzeeka, na watu wangesema tu kwamba fulani hapendi asali. Si kwamba hatari haikuwako. Lakini hatari ilikuwa na sura, nayo iliweza kuepukwa kwa jicho na ulimi.

Mtoto huyohuyo akizaliwa Mollo leo, uji wake hutiwa sukari kwa upendo. Akikataa, huongezewa sukari ili aupende. Akiugua, hupewa dawa ya maji iliyotiwa utamu ili aimeze. Kila tendo la huruma huongeza dhara. Na sukari ya leo haionekani kila mara kwa macho. Imo katika mkate, ambao mlaji hauhesabu kuwa kitu kitamu. Imo katika sosi ya nyanya, katika maziwa ya kopo, na katika unga wa lishe uliochanganywa kiwandani. Tena vitu vingine vinavyoandikwa kuwa havina sukari hutiwa sorbitoli, nayo hugeuzwa kuwa fruktosi ndani ya ini. Katika Ulaya zilitumika zamani dripu za fruktosi na za sorbitoli hospitalini, nazo ziliwaua baadhi ya wagonjwa ambao hapana aliyejua siri ya miili yao.

Mahindi nayo yamepata historia ya ajabu. Unga wa mahindi wa Ufipa ni wanga kwa sehemu yake kubwa, na ugali wake humfaa mgonjwa. Lakini mwaka 1957, mwaka uleule maradhi haya yalipopewa jina, Marshall na Kooi wa Marekani walitangaza kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi. Kutokana na elimu hiyo viwanda vilijifunza kutengeneza sharubati ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Aina moja itumikayo sana katika soda za Marekani ina fruktosi asilimia 55 ya sukari zake. Nafaka iliyo salama shambani hutoka kiwandani ikiwa sumu kwa mtu huyu, na jina la mahindi lingali juu yake. Msomaji wa kibandiko hana budi basi kuyajua majina yote ambayo fruktosi huyavaa: sukari, sukrosi, asali, molasi, sharubati ya mahindi, maji ya matunda yaliyokolezwa, sorbitoli. Kwa desturi viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, lakini kwa mtu huyu hata cha mwisho chaweza kuwa na maana. Na ikiwa kibandiko kimeandikwa kwa lugha ambayo mama haisomi, elimu yote hii haimfikii.

Lipo jambo moja ambalo si la kuchelewesha. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya kuokoa uhai. Unga wa pakiti, uliosambazwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu miaka ya 1970 na kurekebishwa mwaka 2002, hutumia glukosi tupu, gramu 13.5 kwa lita, nao ni salama hata kwa mgonjwa huyu maadamu haukutiwa sukari nyingine au ladha ya matunda. Mchanganyiko wa nyumbani wa vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji umeokoa watoto wasiohesabika, wala hapana mzazi anayepaswa kuuogopa kwa sababu ya insha hii. Lakini nusu ya sukari yake ni fruktosi, na kwa mtoto huyu mmoja ni dhara juu ya dhara. Hii ndiyo sababu pakiti isikosekane katika zahanati, na ndiyo sababu mtoto anayezidiwa kila apewapo kitamu apelekwe kwa tabibu, ambaye siku hizi aweza kuomba kipimo cha vinasaba badala ya kumjaribu kwa fruktosi yenyewe.

Limebaki la jamii, na pengine ndilo zito zaidi. Jina la Sumbawanga hufasiriwa aghalabu kuwa ni kutupa uchawi. Mwaka 1963 na 1964 harakati iliyoitwa Kamcape ilipita Ufipa ikiwatafuta waliodhaniwa kuwa wachawi. Roy Willis, mtaalamu aliyekuwako huko miaka hiyo, aliichapishia makala mwaka 1968. Ufipa si peke yake katika fikira hizo, wala si haki kuicheka. Mtu anayemwona mwanawe mzima akienda kwa jirani na kurudi akitapika hutafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni jirani. Tena dalili za maradhi haya zafanana mno na za kulishwa sumu: mtoto hula nyumbani ugali na samaki bila tabu, hualikwa kwenye sherehe, hupewa soda na keki, na kabla ya jua kutua yu hoi. Aliyempa alitoa kilicho bora alichokuwa nacho. Hivyo ukarimu wenyewe huingia katika mashtaka, na ujirani wa miaka mingi waweza kuvunjika kwa ajili ya kimeng'enya kimoja kilichopungua katika ini la mtoto.

Mgonjwa akiwa mtu mzima hupatwa na shida nyingine. Akikataa chai ya mwenyeji hudhaniwa kuwa na kiburi au hofu; akikataa pombe iliyotiwa sukari au asali hudhaniwa amemdharau mwenye kilabu. Kwake kila ugeni ni mtihani wa maneno. Desturi zetu zina nafasi ya miiko: ziko koo zisizokula mnyama fulani, na mwenyeji mwema huuliza kwanza mgeni wake hali nini. Mwiko wa mtu huyu wastahili kupokewa kwa adabu ileile. Yatosha kusema kwamba sukari ni mwiko wa mwili wake, akaletewa maziwa, au chai isiyotiwa kitu, na heshima ya nyumba ikabaki palepale. Wala asisahauliwe kwamba kwa kuacha matunda hupungukiwa na vitamini C. Hiyo nayo yampasa kuipata kwa ushauri wa tabibu, katika vidonge visivyotiwa utamu.

Historia ya sukari Ufipani ni ya zaidi ya miaka mia moja, nayo haiwezi kurudishwa nyuma, wala hapana haja. Walio wengi huila kwa kiasi bila kuumizwa papo hapo. Lakini historia hiyo yatufunza kubadili swali. Mtoto anaporudi nyumbani mgonjwa, swali la zamani lilikuwa: amekula kwa nani? Swali hilo lilitosha wakati chakula cha kila nyumba kilikuwa kimoja na kilijulikana. Sasa chakula hutoka Kilombero, Dar es Salaam na ng'ambo, kikiwa na vitu ambavyo hata aliyekipakua hakuviona. Basi swali la kwanza na liwe: amekula nini? Na mama alijibu kwa kuhesabu kitu kimoja kimoja, na mhudumu wa zahanati aandike majibu yake yote, hata kijiko cha sukari kilichotiwa katika uji.